Mwalimu mkuu wa shule yenye JSS: linda kipindi kwanza

Hii naandikia wewe mwalimu uliyepewa barua ya TSC, tume inayoajiri walimu wa umma Kenya, juzi juzi, sasa ndiwe mwalimu mkuu wa shule ya umma yenye chekechea, msingi na JSS (sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi 9) ndani ya ua mmoja. Na kama wewe ni naibu uliyeachiwa upande wote wa JSS, soma pia, itakufaa.

Kazi hii vile iko leo hakuna aliyeisomea, juu yenyewe ni mpya. Mpaka karibu mwisho wa 2022 sote tulijua Gredi ya 7 itaenda sekondari, na madarasa yalikuwa yashaanza kujengwa huko, halafu jopo la Profesa Raphael Munavu likapendekeza wabaki kwenye shule za msingi, Disemba ikatangazwa, na mwisho wa Januari 2023 watoto wakaingia. Walimu wakuu wa msingi walikuwa wamezoea vijana wa darasa la saba na la nane, hilo halikuwa geni. Kipya kilikuwa walimu waliosomea sekondari, masomo ambayo hakuna mtu pale shuleni aliwahi kuyafundisha, akaunti nyingine ya benki, na maabara ambayo haipo.

Semina za uongozi utahudhuria nyingi na utarudi na makaratasi yenye maono na dhamira. Mimi naomba ushike jambo moja kabla ya hayo yote: kulinda kipindi. Kile kipindi cha dakika 40 ambapo mwalimu yuko darasani, mtoto yuko darasani, na kitu kinafundishwa. Ukiwa na swali lolote la usimamizi, la hela, la nidhamu, la mkutano, jiulize kwanza kama uamuzi wako unaongeza vipindi vinavyofundishwa au unavipunguza. Utashangaa vile maswali mengi yanajijibu.

Anza na hesabu

Kabla hujapaka geti rangi wala kubadilisha yunifomu, chukua karatasi na kalamu. JSS ina masomo 9 tangu 2024, yalipopunguzwa kutoka 14. Kila darasa lina vipindi 40 kwa wiki, yaani 8 kwa siku. Hisabati, Kiingereza, sayansi jumuishi na sanaa na michezo zinachukua vipindi 5 kila moja, hayo mengine manne manne. Kama una mkondo mmoja wa Gredi ya 7, mmoja wa 8 na mmoja wa 9, hiyo ni vipindi 120 kwa wiki. Una walimu wanne? Kila mmoja ana 30. Una watatu? Kila mmoja ana 40, yaani hao watu hawana hata kipindi kimoja cha kusahihisha ama kuandaa, wanaingia darasani asubuhi wanatoka jioni. Ukiwa na hiyo namba mkononi utaacha kuuliza kwa nini madaftari hayajasahihishwa, na siku ukienda ofisi ya TSC ya kaunti ndogo kuomba mwalimu hutapeleka malalamiko, utapeleka hesabu, na afisa akiona hesabu ni vigumu kukuambia tu "tutaangalia".

Baada ya hapo andika kila mwalimu alisomea nini. Hapa ndipo penye uchungu. Shule nyingi zimepata walimu wa dini na historia, wa Kiswahili na jiografia, na hakuna hata mmoja wa fizikia ama kemia, wala wa priteki (masomo ya awali ya ufundi). Usijifanye hujaona. Usimpe mtu somo ambalo hakusomea kwa kumtumia mesej ya WhatsApp saa tatu usiku kwamba kesho ataingia Gredi ya 8. Waite wote, weka hiyo karatasi mezani, ulizeni pamoja: somo hili halina mwenyewe, nani anaweza kulibeba muhula huu na anahitaji nini ili alibebe? Mwalimu akijitolea mwenyewe mbele ya wenzake atajitahidi, akisukumiwa atafundisha kwa kusoma kitabu kwa sauti mpaka kengele ilie.

Angalia pia upande wa msingi. Kuna walimu wa msingi ambao walirudi chuo wakasoma digrii kwa pesa zao, wengine TSC yenyewe iliwahamishia JSS 2023. Huenda unaye mmoja anayefundisha Gredi ya 4 na ana digrii ya hisabati na hakuna aliyewahi kumuuliza. Huwezi kumhamisha kienyeji, kuna utaratibu, lakini unaweza kumpendekeza na unaweza kumwomba akae na mwalimu wa JSS kupanga mada ngumu. Na jirani yako mwenye walimu wawili wa sayansi, mpigie simu. Shule mbili zilizo mbali kwa mwendo wa dakika ishirini zinaweza kupanga siku moja kwa wiki mwalimu wa sayansi aje huku na wa Kiingereza aende kule, CSO, yule afisa wa mtaala wa eneo lenu, akijua na ikiandikwa. Ni kazi ya kupanga, ndio, lakini inawezekana.

Ratiba ikitoka, ibandike mahali ambapo hata mzazi akiingia anaiona. Vipindi viwili vinavyofuatana viwekee masomo ya vitendo, yaani sayansi, priteki na kilimo, juu dakika 40 za kuweka vifaa, kufanya jaribio na kusafisha hazitoshi. Na tafadhali usiweke sanaa na michezo zote mwisho wa siku, maana mnajua kinachofanyika, zinaliwa na "revisheni" na mtoto aliyekuwa ang'ae huko hapati nafasi ya kung'aa kamwe.

Rejista ya vipindi

Kila darasa lina rejista ambapo kiranja anaandika kipindi, somo, mwalimu aliingia saa ngapi, na mwalimu anatia sahihi. Shule nyingi hiyo rejista inajazwa Ijumaa yote kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, ndio TPAD, ile tathmini ya TSC ya kazi ya mwalimu, iende sawa. Sasa wewe fanya hivi: chukua ya Gredi moja tu, keti nayo Ijumaa baada ya chakula, hesabu ni vipindi vingapi kati ya 40 vilifundishwa kweli. Usiifanye silaha ya kumkamata mtu. Tafuta sababu. Utaona Jumatatu kipindi cha kwanza kilipotea kwa sababu paredi ilienda dakika hamsini, na aliyeongea muda huo wote ni wewe. Jumatano vipindi viwili vimeenda na mkutano wa walimu wa saa nne. Alhamisi Gredi ya 8 walitumwa kuchota maji ya jikoni. Ijumaa mwalimu alienda benki.

Hayo mengi yako mikononi mwako na hayahitaji hela. Paredi dakika kumi, mara mbili kwa wiki inatosha. Mkutano wa walimu ni saa kumi jioni, wenye ajenda iliyobandikwa asubuhi, na usizidi saa moja. Wageni, wawe wa kuuza vitabu, wa bima ama wa kuomba kura, wanangoja mapumziko, hata akiwa diwani. Mwalimu mwenye shida ya benki ama hospitali aseme siku moja kabla, na kuwe na orodha ya nani anaingia badala yake na kazi gani watoto watafanya. Maji yachotwe kabla ya kengele ya kwanza ama tafuteni mtu wa kulipwa kidogo. Michezo ya kaunti ndogo itakuja na ni mizuri, lakini timu ya watoto ishirini isisimamishe masomo ya watoto mia.

Walimu wa aina mbili, shule moja

Hapa sitapita haraka, maana shule nyingi zinaungua hapa. Walimu wa JSS wengi wako chini ya chama cha KUPPET, wa msingi wako chama cha KNUT. Wa JSS wanadai wajisimamie, wanasema mwalimu aliyesomea msingi hawezi kuwasimamia, wa msingi wanasema hawa watoto wa juzi wanatudharau na wanalipwa zaidi. Wanagenzi wa JSS walianza kwa shilingi elfu 20 kwa mwezi kabla ya makato, wakagoma 2024 wiki nyingi, walimu elfu 46 kati yao wakaajiriwa kabisa 2025, na bado wapya wanaendelea kuingia kama wanagenzi. Mtu wa namna hiyo anakuja kwako akiwa na digrii, deni la HELB (mkopo wa chuo), na nyumba ya kupanga sokoni. Ukimpokea kama mwanafunzi wa Gredi ya 10 umempoteza siku hiyo hiyo.

Mambo ya utawala wa juu, kama JSS itajitegemea ama itabaki hapa, yatamalizwa huko Nairobi. Wewe usingoje. Mambo ambayo yanavunja shule ni madogo sana na yako ndani ya uwezo wako. Nani anashika funguo za stoo na za chumba cha vifaa? Mpe naibu wa JSS zake, zilizoandikwa kwenye kitabu. Chai ya saa nne inanywewa wapi? Nimeona shule ambapo walimu wa JSS walikuwa wanakunywa chai chini ya mwembe, mvua ikinyesha wanakunywa wamesimama kwa baraza, sababu chumba cha walimu kina viti vya "wenyewe". Mwalimu mkuu mpya alipofika aliagiza meza moja ndefu na mabenchi kwa fundi wa hapo sokoni, akaondoa vile viti vyenye majina, akakaa mwenyewe katikati kila siku muhula mzima. Hakutoa hotuba. Kufika muhula wa pili walimu wa msingi walikuwa wanamuuliza mwalimu wa kompyuta awasaidie kujaza alama kwenye simu, na yeye anaulizia kwao vile watamtuliza mtoto fulani waliyemfundisha tangu Gredi ya 1.

Michango ya harusi, matanga na chama cha walimu iwe ya hiari kweli, hasa kwa mwanagenzi. Zamu ya wiki iwe ya wote, JSS na msingi, na wewe jina lako liwemo. Usimtume mwalimu wa JSS kufundisha Gredi ya 5 bila kuongea naye kwanza, na ukimwomba eleza ni mpaka lini. Barua ya kujieleza iwe ya mwisho kabisa baada ya kuongea uso kwa uso, maana ukianza na barua mtu anakimbilia chama na kuanzia hapo mnaongea kwa makaratasi. Na mwalimu akikosea, mwite ofisini, mlango ufungwe. Kumkaripia mbele ya Gredi ya 9 ni kumvua mamlaka darasani na hayarudi kirahisi.

Swali la "kwani wewe unaweza kunikagua sayansi?" litakuja. Jibu lake ni kuwa huhitaji kujua sayansi kuliko yeye. Unaweza kuona kama watoto wote wanafanya kitu au ni wale watatu wa mbele tu, kama swali linaulizwa kwa wasichana pia, kama mtoto aliyekosea anasaidiwa au anapitwa. Sema hivyo wazi, kwamba mambo ya mada unamwachia yeye na mwenzake wa somo, wewe unaangalia watoto.

Ingia darasani

TPAD ni makaratasi ya mwajiri, ijaze vizuri lakini haitoshi. Jiwekee vipindi vinne kwa wiki, dakika ishirini kila kimoja, mwalimu akijua kwamba unaweza kuja. Usiende na kablasha kubwa. Kaa nyuma, angalia, toka kimya. Siku hiyo hiyo, kabla hajaenda nyumbani, ongea naye dakika tano kuhusu kitu kimoja. Kimoja tu. Ukimpa saba hatafanya hata kimoja.

Nikupe mfano. Kuna mwalimu nilifanya kazi naye, alisomea Kiswahili na dini, akabeba sayansi ya Gredi ya 7 kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mada ni asidi na besi. Mezani alikuwa na maua mekundu ya hibiskasi aliyoyaponda kwa maji moto, ndimu mbili, na kikombe cha maji ya majivu ya jikoni. Alikuwa ameandaa vizuri sana. Lakini alianza kwa kuamuru notsi, ufafanuzi wa asidi, ufafanuzi wa besi, sifa za asidi, watoto wanaandika vichwa chini, dakika zikaenda, kengele ikalia na yale maua hayajaguswa. Jioni nikamuuliza tu, yale maua yalikuwa ya nini? Akasema, "nilikuwa ninafika huko." Tukakubaliana kitu kimoja, maua yaje kwanza. Kipindi kilichofuata aliingia akaweka ndimu kwenye maji ya maua bila kusema neno, yakawa mekundu kuwaka, akaweka ya majivu kwenye kikombe kingine yakageuka kijani, darasa zima likasimama kuona. Akawauliza, kwa nini? Walianza kubishana wenyewe, mmoja akauliza maji ya sabuni je, wakajaribu, na zile notsi waliziandika wao kwa maneno yao. Mwalimu ni yule yule, chumba ni kile kile, na hakuna maabara.

Zaidi ya kuingia darasani, kaa na walimu wakijifunza. Mtafiti wa New Zealand, Viviane Robinson, na wenzake walipopitia tafiti nyingi za uongozi wa shule na kuchapisha 2008, walikuta kwamba kati ya mambo yote ambayo viongozi wa shule hufanya, lililoenda sambamba zaidi na matokeo ya watoto ni kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu na yeye mwenyewe kushiriki. Si kufungua kikao na kuondoka kwenda mkutano wa kaunti. Kwa hivyo panga saa moja kila wiki mbili, walimu wa JSS wote na wa Gredi ya 6 waje pia, mtu mmoja aonyeshe vile alifundisha mada iliyomshinda, na wewe ukae hapo na daftari. Simu zimewekwa kimya, yako ya kwanza.

Hela

Serikali imepanga shilingi 15,042 kwa mtoto wa JSS kwa mwaka, zikigawanywa 50, 30 na 20 kwa mia kwa mihula mitatu. Ukiwa na watoto 120 hiyo ni 1,805,040 kwa makaratasi, na 902,520 muhula wa kwanza. Kwa makaratasi, kwa sababu sote tunajua zinachelewa na saa zingine zinakuja pungufu. Basi usipange matumizi kana kwamba zote zitafika Januari.

Tengeneza orodha ya vitu vya kununua kwa mpangilio wa vile vinagusa kipindi. Chaki, karatasi na wino wa kuchapisha tathmini vinatangulia. Vinafuata vifaa vya sayansi na priteki vinavyotumika kila wiki, glavu, majiko ya spiriti, nyundo, misumeno, rula za chuma. Baada ya hapo madawati, halafu vyoo na maji. Viti vya ofisi yako na geti jipya viko chini kabisa ya orodha, na kama hela zimekuja nusu mnakata kutoka chini kwenda juu bila kubishana. Orodha ipitishwe na BOM, bodi ya shule, iandikwe kwenye minitsi.

Hela ya JSS isilipe deni la msingi, na ya msingi isijaze pengo la JSS, hata kama unaahidi kurudisha wiki ijayo. Ubaoni ndani ya chumba cha walimu andika kila muhula kiasi kilichoingia, kiasi kilichotumika na kilichobaki. Hakuna kitu kinachoua uvumi kama hiki. Walimu wakijua hakuna hela ya gesi watatafuta njia nyingine, wakidhani ipo na umeila hawatatafuta chochote. Na kwa usajili, weka watoto walio shuleni kweli, wote, na wale wasio na cheti cha kuzaliwa wasaidie wazazi waende kwa chifu na kwa msajili mapema, mtoto asiyekuwa kwenye mfumo hana hela. Majina hewa usiyaguse kabisa, hata ukiambiwa shule zote zinafanya.

Kumfukuza mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango wa mtihani ama wa chakula ni kumnyang'anya vipindi 8 kwa siku kwa kosa la mtu mwingine. Mpigie mzazi, mwite, panga naye alipe kidogo kidogo, au alete mahindi na maharage kama mnapika hapo shuleni. Mtoto abaki darasani.

Watoto wenyewe

Hawa wako miaka 12 hadi 15 hivi. Mwili unabadilika kila wiki, leo anacheka kesho hataki kuongea na mtu, anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufeli. Ukiwaongoza kama Gredi ya 3 watakuasi, ukiwaacha kama watu wazima watapotea.

Kiboko kimekatazwa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 iko wazi, na Katiba inamlinda mtoto dhidi ya ukatili. Lakini tuseme pia ukweli wa shuleni, ukisema tu "msipige" bila kuwapa walimu njia nyingine unawaacha mikono mitupu mbele ya vijana hamsini. Andikeni pamoja, walimu na viranja, sheria chache, tano au sita hivi, na kila kosa lijulikane linaenda wapi: kwanza mwalimu wa darasa anaongea naye faraghani, pili anarekebisha alichoharibu, aliyevunja dawati anasaidia kulitengeneza Jumamosi, aliyemtusi mwenzake anakaa naye na mwalimu mshauri mpaka wamalizane, tatu mzazi anaitwa. Usitumie adhabu ya kumtoa mtoto darasani kulima shamba, hapo umeunguza kipindi tena. Na mwalimu mshauri awe mtu ambaye watoto wanamkimbilia wenyewe. Waulize kwa kura ya siri, utajua ni nani, na saa nyingine ni mpishi ama mlinzi, basi muweke karibu.

Kwa wasichana, angalia choo. Ingia mwenyewe, au naibu wa kike, uone kama mlango unafungwa kwa ndani, kama kuna maji, kama kuna pipa la kutupa sodo. Tangu sheria irekebishwe 2017 serikali inatakiwa kutoa sodo bure kwa wasichana wa shule za umma, lakini zikichelewa weka akiba, na zikae kwa mwalimu wa kike ambaye mtoto hatahitaji kumweleza kitu mbele ya wavulana. Rejista ya mahudhurio ukiisoma vizuri itakuonyesha msichana anayekosa siku nne kila mwezi tarehe zile zile. Huyo hahitaji barua kwa mzazi. Na aliyepata mimba, mwongozo wa 2020 unamruhusu kubaki darasani na kurudi baada ya kujifungua, kwa hivyo mwendee nyumbani kabla kijiji hakijamalizana naye.

Wavulana wanapotea kwa njia nyingine, kimya kimya. Boda boda, kuchuma chai, kuvua, kuchunga, kubeba mizigo siku ya soko. Mahudhurio ya siku ya soko yaangalie peke yake. Ndugu Peter Tabichi, yule mwalimu wa Keriko kule Njoro aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani 2019, shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, na pamoja na hayo yote alikuwa anaenda nyumbani kwa watoto waliokuwa karibu kuacha shule kuongea na familia zao. Huwezi kwenda kwa kila mtoto, lakini mkigawana na walimu, kila mwalimu watoto kumi wa kufuatilia, wenye shida wataonekana mapema.

Tathmini na njia za Gredi ya 10

Kundi la kwanza lilifanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa JSS, 2025, na wazazi wengi bado wanadhani ni KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, yenye jina jipya. Waeleze mkutanoni kwa lugha yao: alama ya mwisho ni asilimia 20 kutoka KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 ndio KJSEA yenyewe ya Gredi ya 9. Maana yake mtoto anayekosa shule Gredi ya 7 ameshaanza kupunguza alama zake za mwisho, na mzazi akilielewa hilo anaacha kumtuma sokoni siku ya tathmini.

Kwako wewe maana yake ni kazi za vitendo zifanywe kweli na ushahidi uwekwe. Faili moja kwa kila mtoto, picha za kazi, karatasi zilizosahihishwa. Alama ziingizwe kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani, mapema, siyo usiku wa mwisho mtandao ukiwa umelala. Mwalimu akikupa alama ambazo darasa zima lina 4 kati ya 4, rudi naye kwenye kazi za watoto mtoto kwa mtoto, maana mtoto aliyepewa alama ya uongo Gredi ya 7 atakutana na ukweli Gredi ya 9 na hapo hakuna wa kumsaidia.

Maongezi ya njia tatu za masomo za Gredi ya 10, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, yaanze Gredi ya 8. Usiruhusu watoto wote wasukumwe STEM kwa sababu ndio yenye jina. Waalike watu wa hapo hapo, fundi umeme, muuguzi wa zahanati, mwanamuziki wa kanisa, wakili kama yupo, waseme walisoma nini na kazi ikoje siku ya Jumanne ya kawaida. Mzazi awepo akisikia.

Ukihamishwa

Utahamishwa, hiyo ni TSC. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza weka kila kitu kwa namna ambayo anayekuja ataendelea Jumatatu inayofuata. Acha kwenye faili moja ile karatasi ya vipindi na walimu, orodha ya vitu vya kununua na hela iliyobaki, namba za vifaa na nani ana funguo zipi, majina ya watoto wanaofuatiliwa nyumbani na mwalimu anayewafuatilia, na deni lolote lililopo hata kama linakuaibisha. Kaa na mwenzako siku nzima, mtembeze darasa kwa darasa vipindi vikiendelea, mtambulishe kwa mpishi na mlinzi, na umwonyeshe lile dawati la nyuma Gredi ya 8 ambapo anaweza kukaa akaangalia bila kusumbua.